Mgeni Kwenye Uwanja wa Matufe

Katika miji mingi ya Uingereza, ukipita kando ya bustani ya mtaa wakati wa kiangazi utaona uwanja wa mraba wenye majani mafupi kama zulia, umezungushiwa ua wa miti, na watu waliovaa nguo nyeupe wakibingirisha matufe polepole. Wengi wao ni wazee. Mtoto akiuliza, "Wanafanya nini wale?" mzazi hujibu, "Mchezo wao huo," na safari inaendelea. Makala hii nimemwandikia mtoto yule na mzazi yule.

Mchezo wenyewe unaitwa lawn bowls. Kwa Kiswahili hauna jina lililozoeleka, kwa hiyo hapa nitauita mchezo wa matufe, maana neno tufe tunalo tayari katika riadha. Ila si mchezo tu ninaotaka kuueleza. Nataka kueleza jinsi klabu inavyompokea mtu mpya na kumlea mpaka awe mwenyeji. Vilabu vingi vya mchezo huu vinapungukiwa na watu mwaka hadi mwaka, kwa sababu wanachama wanazeeka na vijana hawaji. Na sisi huku tuna babu na bibi wanaokaa ndani ya fleti tangu Jumatatu hadi Ijumaa, hawana wa kuzungumza naye isipokuwa simu. Kati ya pande hizi mbili kuna geti dogo la mbao, na mara nyingi halijafungwa.

Kwanza mchezo, kwa ufupi. Mchezaji anatandika mkeka mdogo wa mpira kwenye majani. Mmoja anabingirisha kitufe kidogo cheupe au cha manjano ambacho Waingereza wanakiita jack. Sisi tutasema jeki, na watoto msichanganye na jeki ya kunyanyulia gari. Jeki inatakiwa itulie umbali wa mita 23 au zaidi kutoka kwenye mkeka. Kisha wachezaji wa pande mbili wanabingirisha matufe yao kwa zamu, kila mmoja akijaribu kulikalisha la kwake karibu na jeki. Matufe yakiisha mnakwenda kutazama: kila tufe la upande wenu lililo karibu na jeki kuliko tufe bora la wapinzani ni pointi moja. Mkimaliza kuhesabu, mnageuka na kucheza kurudi mlikotoka. Mnaweza kucheza mmoja kwa mmoja, wawili wawili, watatu watatu au wanne wanne. Katika mchezo wa mmoja kwa mmoja, wa kwanza kufika pointi 21 ndiye mshindi.

Ugumu uko kwenye tufe. Halikuchongwa duara kamili. Upande mmoja umeundwa tofauti na mwingine, kwa hiyo haliendi moja kwa moja. Linaanza kama linakwenda sawa, na kadiri mwendo unavyopungua linazidi kupinda. Ukitaka lifike kwenye jeki, inakubidi ulielekeze pembeni, mahali ambapo hakuna kitu, halafu uliamini lirudi. Kila tufe lina alama mbili ubavuni, ndogo upande mmoja na kubwa upande mwingine. Ile ndogo inakaa upande wa ndani, yaani upande ambao tufe litapindia. Ukilishika kinyume, tufe linakwenda zake kinyume, linavuka mpaka na kuingia katika njia ya majirani, na wote wanasimamisha mchezo kulitazama linavyopita. Hakuna mchezaji ambaye halijamtokea. Tofauti iko kwa yule aliyeambiwa mapema kwamba litamtokea, na yule ambaye hakuambiwa. Wa kwanza anacheka. Wa pili anaona aibu, na huenda asirudi Jumanne inayofuata.

Wanaoishi Manchester, Bolton na sehemu nyingi za Lancashire na Yorkshire wataona mchezo wa namna nyingine. Kule uwanja umeinuka katikati kama mgongo wa kobe, haukugawanywa njia, watu wanacheza kwenda upande wowote, na hata jeki yenyewe inapinda. Ni ndugu wa mchezo huu lakini kanuni zake ni mbali. Ninayoyasema hapa kuhusu kanuni ni ya uwanja bapa. Ninayoyasema kuhusu wageni ni ya kote.

Geti lile lina historia. Mwaka 1541, wakati wa Mfalme Henry wa Nane, sheria iliwakataza mafundi, watumishi na vibarua kucheza matufe isipokuwa siku za Krismasi, na hata hapo wacheze nyumbani kwa mabwana zao. Sheria ile ilifutwa mwaka 1845. Huko Glasgow, mwanasheria William Mitchell alikusanya kanuni katika miaka ya 1848 na 1849, na kanuni hizo ndizo zilizoenea. Mwaka 1903 kiliundwa chama cha England, na rais wake wa kwanza alikuwa W. G. Grace, yule mchezaji kriketi maarufu mwenye ndevu. Wanawake walikuwa na chama chao mbali, na vyama hivyo viwili viliungana kuwa Bowls England mwaka 2008 tu. Huko kwetu Kenya mchezo ulifika na walowezi, ukachezwa katika vilabu vyao ambavyo Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, akiwa mpishi, mhudumu au mkata majani. Mzee aliyekulia Nairobi miaka ile akiona uwanja wa matufe leo, huenda akaona kitu kingine kabisa kuliko anachoona mjukuu wake. Wenyeji wa klabu hawajui hilo, na si rahisi wajue. Lakini sisi tunaompeleka mzee tujue kwamba kusita kwake getini si uzembe.

Sasa linganisheni na bao. Pale Mji Mkongwe Unguja wazee wanapocheza bao barazani, hakuna fomu wala ada. Mgeni anasimama, anatoa salamu, anatazama. Kesho anakuja tena. Siku kadhaa zikipita mtu atasogea ampishe akae, na siku moja atatiwa kete mkononi. Hakufundishwa na mtu, na wote wamemfundisha. Watu wetu tumezoea njia hiyo, ndiyo maana tukifika kwenye klabu ya Waingereza tunasimama nje ya ua tukingoja kusogezewa nafasi. Kule nako wenyeji wanatuona, wanajisemea, "Wanatazama tu, tusiwasumbue." Kila upande una adabu zake, na adabu hizo mbili zikikutana hakuna anayesema neno.

Kwa hiyo hodi ya hapa ina namna yake. Klabu nyingi zina jioni moja katika wiki ambapo wanachama wanacheza bila mashindano, na hiyo ndiyo siku ya kwenda. Msiende siku ya mechi. Siku hiyo kila mtu ana kazi. Pia kila mwaka kuanzia 2021, Bowls England imekuwa ikihimiza vilabu vifungue milango mwishoni mwa Mei, watu wajaribu bure. Unapiga simu au unaandika barua pepe kwa katibu, unasema mko wangapi na wa umri gani, basi. Hakuna anayetarajia ujue kitu. Matufe mtaazimwa. Mnachotakiwa kuja nacho ni viatu vya soli bapa visivyo na kisigino, kwa sababu kisigino kinatoboa majani, na majani yale yamekatwa na kusawazishwa kwa miaka mingi. Nguo nyeupe si lazima siku ya kujaribu, na vilabu vingi siku hizi vimelegeza sharti hilo hata kwa wanachama. Hijabu na sketi ndefu hazina tatizo lolote.

Klabu inayojua kupokea wageni utaitambua ndani ya dakika tano. Kuna mtu mmoja amewekwa getini kwa kazi hiyo tu. Hakati majani, hauzi tiketi za bahati nasibu, hachezi. Anauliza jina lako na anajaribu kulitamka sawasawa. Akikosea anauliza tena. Watoto, nawaomba mwelewe jambo hili: kumfundisha mtu jina lako si utovu wa adabu. Mtoto anayeitwa Mwanakombo akikubali kuitwa "Mo" siku ya kwanza kwa kuona haya, atakuwa Mo miaka kumi.

Kisha mtu huyo anakukabidhi kwa mwingine, na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Huyo wa pili Waingereza humpa majina mengi. Mimi napenda kumwita mlezi, kwa sababu tofauti na kocha, kazi yake haiishi mkono ukishajua kubingirisha. Kocha anakufundisha kulishika tufe, kuinama, kupiga hatua na kuliachilia karibu na majani bila kulidondosha. Mlezi anakufundisha kuwa mtu wa pale.

Nianze na ya kocha. Atakutafutia tufe la saizi yako. Unalizungushia mikono miwili pale penye upana mkubwa zaidi; ncha za vidole gumba zikikutana na za vidole vya kati pia zikikutana, saizi hiyo inakufaa. Watoto na akina bibi wenye viganja vidogo wasikubali kupewa tufe kubwa kwa kuambiwa "litakuzoea". Halizoei mtu, linamteleza. Kisha kocha mzuri atakuacha ubingirishe mara kadhaa bila jeki kabisa, ili uone tufe linavyopinda. Baada ya hapo ataweka shabaha ya karibu. Hatakusahihisha zaidi ya jambo moja kwa wakati. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu uwanja umejaa watu wenye uzoefu wa miaka thelathini, na kila mmoja ana neno lake. Mmoja anasema inama zaidi, wa pili anasema usiiname sana, wa tatu anashika mkono wako. Wote wana nia njema, na wakimaliza, mgeni hajui hata mguu wa kutanguliza. Klabu zenye busara zina kanuni: mgeni ana mwalimu mmoja, wengine wanampigia makofi tu. Mzazi ukiona watu watatu wamemzunguka mwanao, usione aibu kuuliza kwa upole nani kati yao ndiye mwalimu wake.

Wazee wenye magoti mabovu wasikate tamaa. Kipo kifimbo maalumu chenye mkono wa kushikia tufe, mtu anabingirisha akiwa amesimama wima. Wapo wanaocheza kwenye kiti cha magurudumu, na wapo wasioona. Mwaka 2022, Michezo ya Jumuiya ya Madola ilipofanyika Birmingham, matufe yalichezwa Victoria Park mjini Royal Leamington Spa. Mskoti George Miller alipata medali ya dhahabu akiwa na umri wa miaka 75. Alikuwa mwelekezaji wa mchezaji mwenye uoni hafifu, yaani alikuwa macho yake: anamwambia jeki iko wapi, tufe limesimama wapi, la pili lielekee wapi. Mchezo huu unampa medali hata yule anayemwelekeza mwenziwe. Mimi sijui michezo mingi ya namna hiyo.

Turudi kwa mlezi. Kazi yake ya kwanza ni kukwambia yale ambayo hayakuandikwa popote. Uwanja una mfereji kuzunguka kingo zote. Usikanyage ukingo wake, utabomoka. Usisogee mwenzio anapojiandaa kubingirisha, hata kama uko mbali. Usipite katika njia ya majirani wakati wanacheza. Mkianza mnapeana mikono, mkimaliza mnapeana mikono, na mpinzani akicheza vizuri unamsifu kwa sauti. Tufe likigusa jeki linapigwa alama ya chaki, nalo linabaki hai hata likitumbukia mfereji. Ni mambo madogo, lakini mgeni akiyajua kwa kukaripiwa anaumia, na akiyajua kwa kunong'onezwa mapema anajiona wa ndani.

La majina linatusumbua sisi hasa. Klabuni kila mtu anaitwa kwa jina lake la kwanza, hata mzee wa miaka themanini na tano. Mtoto wetu aliyefunzwa kusema shikamoo, na kutomtaja mtu mzima bila kumtanguliza na babu, mzee, bibi au mama, anafika pale na kuambiwa, "Niite Brian." Ulimi unagoma. Nimewasikia watoto wakizungumza jioni nzima bila kumtaja mtu yeyote kwa jina, ili tu wasikosee. Sidhani kuna haja ya kumlazimisha mtoto kuacha adabu yake. Anaweza kutumia jina la ukoo kwa heshima ya Kiingereza, au kumweleza mzee mwenyewe kwamba kwetu mtu wa umri wake haitwi hivyo. Mzee atafurahi, na pengine atataka kujua ataitwaje. Wapo Waingereza wanaoitikia "Babu" bila wasiwasi. Lakini mtoto naye aelewe kwamba anapoambiwa "Niite Brian" anakaribishwa. Hakuna dharau ndani yake.

Yapo mengine ya kumwambia mlezi mapema, kabla hayajageuka kuwa kero. Mechi ya mchana huanza mara nyingi saa nane, na watoto wakumbuke kwamba hapo saa ya ukutani inasoma mbili. Mchezo unachukua kama saa tatu, halafu kuna chai. Kwa Waislamu, alasiri itaingia mkiwa hapo hapo, na katika jengo la klabu huenda pakawa na chumba au pembe ya utulivu mkiuliza. Chai inakuja na sandwichi, na baadhi yake ni za nyama ya nguruwe. Jengo lina baa, na bahati nasibu huchangishwa karibu kila mechi. Hakuna anayelazimishwa chochote kati ya hivyo. Ila mtu akikataa bila maelezo, wenyeji watadhani hakuwapenda wao. Sentensi moja kwa mlezi inatosha, na yeye atawaambia wanaoandaa chai. Kazi ya mlezi ni pamoja na kukusemea pale ambapo wewe hutaki kusimama na kutoa hotuba.

Sasa methali mnayoijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tunaitumia kwa utani, kumwambia mtu kwamba amekaa sana. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Asiye na jembe bado ni mgeni, hata akikaa mwaka. Katika klabu ya matufe majembe ni mengi: kutandika mikeka asubuhi, kubadili namba kwenye ubao wa pointi, kusafisha mifereji, kuchota maji, kuandaa chai, kusaidia kukata majani. Klabu inayomwambia mgeni, "Wewe kaa tu, tutafanya sisi," inadhani inamheshimu, kumbe inamweka kando. Na klabu inayomkabidhi masufuria jikoni peke yake, wengine wakiwa nje juani, hiyo nayo imekosea. Jembe zuri ni lile mnalolima wawili, mkizungumza. Aidha, vijana wetu wanaojua kompyuta wajihadhari: ukisema tu unajua, wiki ijayo utakuta umekuwa msimamizi wa tovuti ya klabu, na tufe hujalishika.

Uwanjani pia kuna jembe. Katika timu ya wanne kila mtu ana nafasi yake. Wa kwanza anatandika mkeka, anabingirisha jeki, kisha anacheza matufe yake mawili. Wanafuata wa pili na wa tatu, na wa mwisho ni nahodha, ambaye muda mwingi anasimama upande wa jeki akiwaelekeza wenzake kwa mkono. Mgeni karibu kila mara hupewa nafasi ya kwanza. Sababu ni nyepesi: njia bado tupu, hakuna matufe ya kukwepa, na makosa yana muda wa kurekebishwa na wanaofuata. Wengine hunung'unika kwamba wamewekwa mahali pa wanafunzi. Si kweli. Tufe la kwanza likikaa vizuri, wapinzani wote wanacheza kwa wasiwasi, na manahodha wazoefu hawambadilishi kirahisi mtu wa kwanza aliye mzuri.

Nahodha huyo ndiye anayeweza kumlea au kumpoteza mgeni kwa mchana mmoja. Yeye yuko mbali, mgeni anamwona kwa ishara tu. Tufe likiwa fupi kwa mita tano, nahodha akiinamisha kichwa na kupangusa uso, mgeni ameliona hilo. Nahodha mzuri anaonyesha kwa viganja umbali uliobaki, anainua kidole gumba, anangoja la pili. Katika mambo yote ya klabu, hili ningelitazama kabla ya kuamua kama nitajiunga: ningekaa pembeni nitazame manahodha wanafanya nini wachezaji wao wanapokosea.

Kikwazo kimoja kinawaponyoka hata wenyeji wenye moyo mzuri, nacho ni ubao wa matangazo. Mechi hupangwa kwa karatasi zinazobandikwa ubaoni. Unayetaka kucheza unaandika jina lako, baadaye unarudi kuangalia kama umechaguliwa, na unaweka alama kuthibitisha. Usipoandika hakuna atakayekuuliza. Mgeni wetu anangoja kualikwa, kwa sababu kwao mtu hajialiki mwenyewe. Wenyeji wanaona jina lake halipo, wanahitimisha kwamba hataki mechi. Msimu unakwisha mgeni hajacheza hata mara moja, na kila upande una yakini kwamba mwenzake hakupenda. Mlezi anayeijua kazi yake anamshika mgeni mkono wiki ya tatu au ya nne, anampeleka ubaoni, anampa kalamu. Akishindwa kusubiri, anamwandika mwenyewe.

Kwa watoto kuna la ziada, na wazazi msiliache. Klabu yenye wachezaji walio chini ya miaka 18 inapaswa kuwa na mtu anayeshughulikia usalama wao, na jina lake linabandikwa mahali pa wazi. Ulizeni ni nani. Ulizeni nani ataruhusiwa kumfundisha mtoto na kama amekaguliwa rasmi. Mafunzo yawe mbele ya watu, si nyuma ya jengo. Klabu nzuri haikasiriki kwa maswali hayo, na inayokasirika imeshakujibu.

Halafu kuna kipupwe. Msimu wa nje unaanza mwishoni mwa Aprili na kufungwa Septemba. Siku ya ufunguzi klabu nyingi hucheza kitu kinachoitwa buibui: wanachama wote wanasimama kuzunguka kingo za uwanja, jeki imewekwa katikati, na kwa ishara moja kila mmoja anaachia tufe lake. Matufe yote yanakimbilia kati kama kumbikumbi kwenye taa, na la karibu zaidi linashinda. Mgeni anaweza kumshinda bingwa, na hutokea. Lakini kati ya Septemba na Aprili ni miezi saba. Ada ya mwaka mpya inadaiwa masika, na mtu ambaye hajasikia sauti ya mwenzake yeyote toka majani yafungwe haoni kwa nini ailipe. Wageni wengi hupotea hapo, wala si kwa sababu ya uwanja. Walezi wanaojua hupiga simu Novemba, wanaalika kwenye mlo wa Desemba, wanawapeleka kwenye ukumbi wa ndani ambako mchezo unaendelea kwenye zulia hadi Aprili, na wanawakumbusha mkutano mkuu wa mwaka, ambapo mwanachama mpya ana kura sawa na mwenyekiti. Nyinyi pia mnaweza kupiga simu hiyo. Mzee wa Kiingereza anayeishi peke yake mwezi wa Januari hatashangaa kusikia mtu wa klabu akimjulia hali. Kwetu kujuliana hali ni jambo la kila siku. Kwake huenda ikawa simu pekee ya wiki.

Familia zinazotaka kwenda kujaribu mwishoni mwa Mei zimwambie mwalimu wa zamu ifikapo Jumamosi ya pili ya mwezi, tujue idadi kabla ya kumwandikia katibu wa klabu iliyo karibu nasi. Babu na bibi ndio tunaowataka zaidi. Watoto wa darasa la kati ambao hawajawahi kulishika tufe, nitakuja na moja la zamani la saizi 2 Jumamosi hii wakati wa mapumziko. Tutalibingirisha kwenye zulia la ukumbi, viti vikishaondolewa.